Tanzia ya Mtumishi Bora

Msiniulize nchi hii iko upande gani wa ramani. Ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina Mamlaka ya Taifa ya Maji yenye jengo refu ambalo maji hayajawahi kupanda hata ghorofa ya kwanza. Mimi ni raia mwema wa huko, sina ugomvi na mtu, na ninasimulia haya ili wageni wajifunze jinsi tunavyowatunza wafanyakazi wetu mpaka taasisi zinanawiri.

Kwanza mjue kwamba kwetu mtu mzima wa afya hasifiwi. Hiyo si roho mbaya, ni utaratibu. Wahenga walisema ukimsifu mgema, tembo hulitia maji, na viongozi wetu, ambao hawajashika methali nyingine yoyote maishani mwao, hiyo wameishika kwa mikono miwili. Mtumishi akifanya vizuri, bosi wake hunyamaza. Akifanya vizuri sana, bosi humtazama kwa jicho la pembeni na kujiuliza huyu anatafuta nini. Akikosea, hapo ndipo hukumbukwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, akatakiwa atoe maelezo kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu.

Lakini na afe! Akifa, utamwonea wivu. Gari la mafundi wa mabomba limekaa juu ya mawe uani kwa kukosa matairi, ila la Kamati ya Mazishi lina matairi mapya na dereva aliyevaa tai. Turubai linafika kabla ya ndugu. Halafu yaje maneno sasa. Mtu aliyenyimwa likizo ya kumuuguza mkewe husimuliwa mbele ya jeneza kwamba alikuwa nguzo, alikuwa taa, alikuwa mchapakazi hodari na pengo lake halitazibika. Sijawahi kusikia kwetu amezikwa mtumishi mvivu. Wavivu wote, nadhani, bado wako hai. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu mpaka alipokuja mshauri mwelekezi.

*

Mshauri huyo aliletwa na serikali achunguze kwa nini Mamlaka ya Maji haitoi maji. Alikaa hotelini muda mrefu, akala vizuri, akatoa taarifa nene kama mto wa kulalia. Wakubwa waliisoma ukurasa wa mwisho, ambao ulisema: "Taasisi haikuzwi na mabomba, inakuzwa na watu. Watambueni watumishi bora. Wasifuni hadharani. Msisubiri wafe."

Mkurugenzi Mkuu, Dakta Sefu Ngalinda, aliitisha kikao. Dakta Ngalinda ni mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani husimama kwanza na kufunga kifungo cha koti. Alisimama, akafunga kifungo, akasema, "Ndugu wajumbe, nimetafakari kwa kina na kwa mapana, kwa urefu na kwa kimo. Rasilimali watu ni watu. Na watu ni rasilimali. Tusipolielewa hilo, hatutalielewa."

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi, kwa sababu alikuwa anakaimu nafasi yake kwa muda mrefu na alitaka kuthibitishwa.

"Mama Leokadia," Dakta alimgeukia Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, Bibi Leokadia Shirumbe, "kanuni zetu zinasemaje kuhusu kumsifu mtumishi?"

Bibi Leokadia alifunua kitabu cha kanuni mbele na nyuma. "Mheshimiwa, mtumishi aliye hai tunaye kwenye sura ya nidhamu tu. Kuna onyo, kuna karipio, kuna karipio kali. Sifa ziko sura ya maziko."

"Basi tutumie sura ya maziko."

"Ila, Mheshimiwa, sura hiyo inataka awepo marehemu."

"Mama, mshauri kasema nini? Kasema tusisubiri wafe. Basi tusisubiri!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Hivyo ndivyo tulivyopata Mpango wa Kuwaaga Watumishi Bora Wakiwa Hai, na nasikia majirani zetu wanautamani.

*

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Bi. Kudra Mshangama wa dawati la malalamiko. Ukipita kwenye lile dirisha lake utaelewa kwa nini. Watu walikuja wanafoka, wana ndoo tupu na matusi yaliyojaa, na Bi. Kudra aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa kikombe cha maji kutoka dumu alilobeba mwenyewe nyumbani, kisha akawafuata mafundi na kuwasumbua mpaka wakainuka. Hakuwa na elimu ya ajabu. Alikuwa na huruma na kichwa kigumu, vitu viwili ambavyo Mamlaka haikuwahi kuvitangazia nafasi ya kazi.

Alikuwa mjane mwenye watoto shuleni na mama mzazi mlangoni. Cheo alishakisahau. Ila mtu si jiwe, na kwa miaka yote ile alitamani kitu kimoja, asikie neno zuri moja kutoka juu, hata la kusemwa kwenye ngazi mtu akipita.

"Hongera sana, Kudra," alisema Bibi Leokadia. "Ijumaa tunakuaga."

"Naenda wapi, dada?"

"Huendi popote. Unalala kidogo tu kwenye jeneza, unasikiliza sifa zako, halafu tunakula."

"Jeneza! Dada Leokadia, mimi nina mama mtu mzima. Akisikia si ataniangukia?"

"Mwambie ni semina."

Ijumaa ilifika. Nilikuwepo, nimekaa nyuma karibu na masufuria, kama raia mwema. Bi. Kudra alilala kwenye jeneza amevaa gauni lake la Idi, mikono kifuani, na watumishi walipita kwa mstari kutoa heshima zao. Dakta Ngalinda alifunga kifungo.

"Tumepokea kwa masikitiko makubwa," alianza, "utendaji uliotukuka wa Bi. Kudra Mshangama. Bomba kubwa lilipopasuka wakati wa masika, ni yeye aliyekwenda kwa miguu, kwenye tope, kuwatoa mafundi baa. Alipofiwa na mumewe, alirudi kazini matanga hayajaanuliwa, kwa kuwa wodi ya wazazi haikuwa na maji. Alistahili kupandishwa cheo zaidi ya mara moja. Zaidi ya mara mbili! Pengo lake halitazibika."

Watu walilia kweli. Na Bi. Kudra alilia, na kwa kuwa alikuwa amelala chali, machozi yalimwingia masikioni. Kisha aliinua kichwa kidogo, akamtazama Mkurugenzi, akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe mlikuwa mnajua?"

Mshereheshaji alimwomba marehemu alale, ratiba ilikuwa imebana. Mimi niliirudisha sahani yangu ya wali kwenye masufuria, maana nilidhani siku zote kwamba wakubwa hawa hawaoni. Kumbe wanaona kila kitu. Walikuwa wamemnyima yule mama neno moja kwa makusudi.

*

Jumatatu Bi. Kudra alikuja kazini akitembea kama bibi harusi. Pengo lisilozibika lilikuwa limezibwa tangu Jumamosi. Kwenye kiti chake alikaa Bwana Mashaka Lipande, shemeji wa Mkurugenzi Mkuu, mtu wa makamo aliyekuwa akitafuta kazi ya kukaa.

"Samahani, kaka, hicho kiti ni changu."

"Hiki ni cha marehemu," alijibu Bwana Lipande. "Poleni sana kwa msiba."

"Marehemu ndiye mimi."

"Basi wewe pole zaidi."

Alipanda kwa Bibi Leokadia. Bibi Leokadia alimkumbatia, akamkalisha, akamwagizia soda. "Kudra, mdogo wangu, mimi kama Leokadia nakuona kabisa. Mimi kama Mkurugenzi wa Rasilimali Watu sikuoni. Umeagwa. Kanuni inamtambua mtumishi aliye hai kwa njia moja tu, akikaripiwa. Mtumishi yeyote mwenzio akikukaripia mbele ya mashahidi, hata kidogo tu, uhai wako umethibitika, unarudi kwenye kiti."

"Basi nikaripie, dada yangu. Nikaripie sasa hivi."

Bibi Leokadia alimsogezea soda. "Nikukaripie vipi mtu aliyesifiwa na Mkurugenzi Mkuu? Si nitakuwa nimesema Mkurugenzi kakosea?"

Bi. Kudra alijitahidi kukosa. Alikuja amechelewa na hakuna aliyemngoja. Alilala juu ya kaunta ya mapokezi, wakamfunika khanga. Alimwaga chai kwenye zulia la wageni, na mlinzi akawaambia watu, "Mwacheni, marehemu ana uchungu." Rafiki zake wa miaka yote, waliokula naye mihogo mchana, alipowaomba hata watamke tu kwamba yeye ni mvivu, walimshika mkono wakainamisha vichwa. Wote walikuwa na watoto na wote walimwogopa Dakta. Siwalaumu, ingawa nawadharau kidogo.

Marehemu halipwi mshahara, na nyumbani chungu kilianza kuinjikwa mara moja kwa siku. Watoto walirudishwa kutoka shule. Mama yake, akiwa mlangoni na bakora yake, alimuuliza, "Mwanangu, hiyo semina haiishi?"

"Inakaribia, mama," alijibu Bi. Kudra, akaingia jikoni asionekane uso.

*

Mpango, kwa upande wake, ulistawi. Kila mwezi aliagwa mtumishi bora, na kila pengo lilipata shemeji, mkwe au mtoto wa mwenyekiti. Watumishi waliobaki nao walijifunza, maana binadamu hujifunza haraka akiona majeneza. Fundi mmoja alikutwa ameshika spana anaziba bomba barabarani, wenzake wakamwangukia miguuni: "Tupa hiyo, ndugu yetu! Fikiria wanao!" Akaitupa. Msomaji wa mita aliyekuwa akipita kila nyumba sasa alijifungia kwake na kutuma salamu.

Maji yalikatika hata pale yalipokuwa yakitoka. Watu walichota kwenye mitaro, watoto wakaanza kuharisha, na wodi ya wazazi ilirudi kuomba ndoo kwa majirani. Mwaka huohuo Mamlaka ilipewa tuzo ya Taasisi Iliyokua Kuliko Zote, kwa kuwa kila pengo lililozibwa liliandikwa vitabuni kama ajira mpya. Dakta Ngalinda alipokea tuzo akasema anaipokea kwa unyenyekevu, na akaagiza itengenezewe kabati la kioo.

Ila furaha yake haikukamilika. Mtu mkubwa naye ana masikio. Kila mwezi alisimama kusoma sifa, na kila mwezi sifa zilikuwa za karani, za fundi, za mfagizi. Yeye hakuna aliyemlilia. Wivu ulimla taratibu, mpaka siku moja akamwambia Bibi Leokadia, "Mwezi huu ni zamu yangu."

"Mheshimiwa, utaratibu lakini..."

"Utaratibu ni wa watumishi, mama. Mimi ni Mkurugenzi Mkuu."

Naibu wake, Bwana Faraji Kondo, ambaye kwa kawaida alikuwa mzito hata kuitikia salamu, alijitolea kusimamia maandalizi yote. Alikodi ukumbi mkubwa kuliko yote mjini, bendi ya matarumbeta, na jeneza lenye vishikio vya dhahabu na kiyoyozi ndani. Kama dhahabu ilikuwa ya kweli sijui. Kiyoyozi kilifanya kazi.

*

Waziri alikuja. Wenye vyeo walijaa mbele, sisi wenye kiu tukajaa nyuma. Dakta Ngalinda alilala katika suti nyeupe, uso umepakwa poda, na jicho moja halikufumbika vizuri kwa hamu.

"Sasa," alisema mshereheshaji, "tunawakaribisha waliofanya kazi chini ya marehemu watusimulie mema yake."

Hakuinuka mtu. Mshereheshaji akarudia. Watu walitazamana. Waliheshimu mila: kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, walikaa kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka tukasikia kiyoyozi cha jeneza kinavuma. Bwana Faraji alikuwa anatazama saa.

Ndipo Bi. Kudra alipotoka nyuma, akapita katikati ya viti na kushika kipaza sauti. Alikuwa amekonda, na lile gauni la Idi lilimpwaya.

"Walio hai wanakatazwa na mila kumsema marehemu," alisema. "Mimi sikatazwi, maana mimi ni marehemu mwenzake."

Akaligeukia jeneza.

"Sefu Ngalinda, hata mimi nimewahi kulala kwenye jeneza, basi tuongee kama majirani. Ulikuwa unajua. Ulijua nilikwenda kwenye tope. Ulijua nilirudi kazini macho yamevimba kwa kumlilia mume wangu. Uliyajua yote ukanyamaza, na siku ulipofungua mdomo ulinitoa kwenye kiti ukamweka shemeji yako, asiyejua bomba linafunguliwa upande gani. Nilikuwa nadhani wewe ni katili. Katili ana nguvu. Wewe ni mtu mdogo uliyepewa kiti kikubwa, na kazi yako yote imekuwa kutufupisha sisi ili urefu wako usijulikane. Watoto wanaharisha mjini, wewe umelala kwenye baridi unangoja tukulilie. Nani akulilie? Machozi nayo ni maji, na maji umeyakata."

Jeneza lilitikisika. Dakta Ngalinda aliinuka akakaa, poda inamdondoka, kidole kimenyooka.

"Wewe Kudra! Mpumbavu mkubwa, huna adabu! Hili ni karipio kali! Kesho saa moja kamili asubuhi nikukute mezani kwako, uniandikie maelezo kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu!"

Bibi Leokadia, ambaye kwa miaka yote hatukuwahi kumwona akifanya kazi aliyoajiriwa, alisimama polepole.

"Mheshimiwa Waziri, naomba ieleweke. Mtumishi amekaripiwa kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Kwa mujibu wa kanuni, Kudra Mshangama yuko hai, na kesho saa moja ana kiti chake."

Waziri alikuna kidevu. "Lakini aliyekaripia si ni marehemu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa hiyo ni wosia."

Na kwetu wosia wa marehemu haupingwi. Akina mama wa nyuma walipasua vigelegele, ndoo zikagongwa, na Bi. Kudra alikaa chini sakafuni akalia kwa kwikwi, kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu ile Ijumaa yake. Mshereheshaji alimwomba Dakta alale. Waziri alifunga shughuli kwa kusema kwamba hayati Ngalinda hakuwa na doa, na kwamba pengo lake halitazibika, na bendi ikapiga.

*

Kesho yake Bi. Kudra alikuwa dirishani kabla ya saa moja. Bwana Lipande alihamishiwa Kamati ya Mazishi, huko nako hukaa. Watu walisikia, wakapanga foleni mpaka barabarani.

Dakta Ngalinda naye alipanda ofisini kwake. Bwana Faraji Kondo alikuwa kwenye kiti, na kabati la tuzo lilikuwa limeshasogezwa upande anaoupenda yeye. "Pole sana kwa msiba, mzee," alisema Bwana Faraji, akamsindikiza mlangoni kwa heshima zote.

Alishuka kwa Bibi Leokadia. Bibi huyo alimweleza yale yale aliyomweleza Kudra: akaripiwe na mtumishi yeyote, mbele ya mashahidi, basi. "Haya, nikaripie, mama," alisema Dakta. Bibi Leokadia alijaribu. Nasikia alijaribu kwa dhati, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini kilichomtoka kilikuwa, "Shikamoo, Mheshimiwa." Ulimi uliofungwa miaka mingi haufunguki kwa asubuhi moja.

Akaamua kukosa. Alimtukana dereva. Alilala ofisi za watu. Alichukua gari la umma akapakia mbuzi wake wa shambani. Siku nzima alifanya maovu kwa juhudi, na hakuna aliyeona tofauti yoyote, maana ndivyo alivyofanya kila siku alipokuwa kazini. Aliwasimamisha watumishi kwenye ngazi, mmoja mmoja, akiwasihi wamseme. Wote waliinama wakamwambia sisi ni nani, mzee, tukuseme wewe.

Jioni akasimama kwenye foleni ya malalamiko, koti halina kifungo, katikati ya akina mama wenye ndoo. Nilikuwa nyuma yake watu wawili. Zamu yake ilipofika aliinama kwenye tundu la dirisha.

"Kudra, mwanangu. Jana ulinisema vizuri sana, ila ulikuwa bado marehemu, haikuhesabika. Niseme tena hivyohivyo, mashahidi ndio hawa. Wewe ndiye pekee unayeweza. Sema mimi ni mwizi. Sema lolote, mama, niokoe."

Bi. Kudra alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu. Alimmiminia kikombe cha maji, akamsukumia. Alimtazama muda mrefu, midomo ikamcheza, na nilidhani sasa atasema. Kisha akasema, kwa upole na kwa heshima zote anazostahili mtu mzima:

"Mzee, wewe huna kosa lolote. Umekuwa kiongozi bora kabisa."

Akainua macho kwa mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Karibu, mama. Kwako yamekatika tangu lini?"